Siku Placide Alipokataa Gunia

Uongo wenyewe ulikuwa wa Célestine, na kama kuna wa kulaumiwa tuanze na yeye, maana hata yeye mwenyewe ndipo alipoanzia. Ndiye aliyekaa chini na mkasi wake wa kushonea akakata gunia la mchele wa Sange, akalitoboa tundu la kichwa na matundu mawili ya mikono, akamvika mdogo wake. Ndiye aliyekwangua masizi chini ya sufuria akampaka usoni. Na ndiye aliyesimama barazani kwake, huko Mulongwe, mtaa wa mji wa Uvira, cherehani mbele yake, akawaambia wapiganaji waliokuja na orodha: "Huyu? Huyu ni kichaa. Vitabu vilimuharibu kichwa kule Léo. Mumuulize muntu yeyote."

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa sitini na nne. Uhuru wa Kongo ulikuwa haujatimiza miaka minne na tayari ulikuwa umewachosha watu. Waasi walikuwa wameingia Uvira, na orodha walizokuja nazo zilikuwa za watu wenye kalamu: makarani, walimu, yeyote aliyevaa tai siku za Wabelgiji na akaendelea kuivaa baada yao. Waliochukuliwa walipelekwa upande wa mto, na hakuna aliyerudi kusimulia. Placide alikuwa na miaka miwili ya yunivesite huko Léopoldville, wa kwanza mtaani kwao. Alikuja wakati wa Pasaka kumzika baba yao, aliyekuwa fundi wa winchi bandarini Kalundu, na kabla hajarudi njia zikafungwa. Basi mtu wa namna hiyo ungemficha wapi? Mtaa mzima ulikuwa umejivunia yeye kwa sauti kubwa mno.

Karatasi ya kuthibitisha kichaa iliandikwa na Herménégilde, muuguzi wa zahanati, ambaye watu walimwita dokta kwa kuwa dokta mwenyewe alikuwa amekimbia. Aliiandika kwa Kifaransa kirefu, akaipiga muhuri mara mbili, akasema muhuri mmoja unaweza kutiliwa shaka. Mambo mengine yote aliyafikiri Célestine. Wapiganaji walikuwa wamepewa dawa yao ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miiko kama nini. Mwiko mmoja ulikuwa huu: usiguswe na mtu ambaye hakuipata. Célestine alilijua hilo kwa sababu aliwashonea suruali, na hakuruhusiwa kuwapima; walitupa suruali kuukuu mezani, naye akakata mpya kwa kuiangalia ile ya zamani. Kwa hiyo akamfundisha Placide kuwafuata njiani na kunyosha mikono, kama anayetaka kuwakumbatia. Wanaume wenye bunduki na mikuki walitimua mbio wakaacha hata viatu.

Wiki za kwanza walicheka. Jioni mlango ukifungwa, Placide alivua gunia akasimulia nani alikimbia, nani alijikwaa, na Célestine alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikapungua, na hakuna aliyeona siku kilipokwisha. Célestine alikuwa na cherehani ya kuzungusha tangu asubuhi, maji ya kuchota, mihogo ya kutafuta kwenye soko ambalo siku moja lipo na siku tatu halipo. Alichoka hadi kwenye mifupa. Aliona kwamba mdogo wake anaigiza vizuri zaidi, na akamshukuru Mungu. Placide aliacha kula, yeye akasema, ee, hiyo nzuri, vichaa hawali. Placide alikaa kutwa akitazama ukuta, yeye akasema vema, wapita njia wanamwona. Hata usiku mmoja alipomsikia analia chumbani, alifungua pazia akamwambia kwa sauti ya chini, "Pumzika, mudogo wangu. Humu ndani hakuna muntu anakuangalia." Akarudi kulala. Nawaambieni alirudi kulala, na alilala vizuri.

Mtu mmoja tu aliyeingia nyumba ile hakuwa ndani ya siri. Huyo alikuwa Nyiramahoro, mama wa makamo kutoka juu milimani, mke wa mfugaji, Mprotestanti wa kusali kabla ya kukaa na kusali tena kabla ya kuondoka. Aliteremka mara mbili kwa wiki na kibuyu cha maziwa kichwani. Yeye aliambiwa kama walivyoambiwa wote kwamba kijana ana wazimu, akaamini. Na kwa kuwa aliamini, alifanya ambacho hakuna mwingine aliyekifanya: alikaa naye chini, akamshika mkono, akamnywesha maziwa funda kwa funda huku akimsimulia habari za ng'ombe wake mmojammoja. Célestine alimwonea huruma kidogo. Alimwona mama mwema anayepoteza muda kwa mgonjwa asiye mgonjwa.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, vumbi hadi kwenye meno, milima nyuma ya mji ikiwa nyeusi kwa mioto ya majani. Célestine alirudi kutoka ziwani na ndoo kichwani. Alipokata kona aliona mtu amekaa barazani kwake, kwenye kiti cha marehemu baba, amevaa shati jeupe, tai, suruali iliyopigwa pasi, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Amenyoa ndevu. Amechana nywele kwa njia upande mmoja, kama wanafunzi wa Léo. Mikono ipo juu ya magoti na uso umeelekea barabarani, pale pale wapiganaji wanapopita kila asubuhi kwenda kubadilishana zamu.

Ndoo ilimponyoka. Maji yote yakamwagika njiani naye hakuyaangalia.

"Ingia ndani," alimwambia. "Placide, ingia ndani sasa hivi. Umerukwa na akili?"

Ndiyo, alisema hivyo. Neno likamtoka kabla hajalisikia.

"Niko sawa, yaya," Placide akajibu. Alimwita hivyo tangu utotoni, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya adabu, sauti ambayo Célestine hakuwa ameisikia kwa wiki nyingi. "Sitavaa gunia tena. Nimekaa tu hapa. Weye endelea na kazi."

"Watakuona."

"Najua."

Nyiramahoro alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kibuyu chini, mkono mmoja umeshika bega la kijana. Alimvuta Célestine hadi mlangoni, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na saa ya mkononi ya Placide, ile waliyochangiana ukoo mzima kumnunulia alipofaulu.

"Amenipa hii," alisema. "Minye nikamuuliza, sasa weye utajuaje saa? Akaniambia haitamusaidia tena. Mama Célestine, minye sikusoma, lakini macho iko nayo. Huyu mutoto iko anaaga dunia. Tangu wiki jana iko anaaga batu. Weye hukuona?"

Célestine alitaka kumweleza. Alifungua mdomo amwambie kwamba si hivyo, kwamba yote ni mchezo, kwamba kijana hana ugonjwa wowote. Badala yake akageuka. Alimtazama mdogo wake kwa mgongo, shingo imekonda ndani ya kola kubwa, na hapo ndipo akaelewa Placide anangoja nini pale barazani. Katika mji huu, wakati huu, mtu aliyetaka kufa hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kunawa uso tu na kuvaa tai.

"Kaa naye," alimwambia Nyiramahoro. "Usimuache hata kidogo. Wakipita, simama mbele yake, imba, sali kwa sauti kubwa, fanya unachojua."

"Kusali nitasali," akasema Nyiramahoro. "Weye kimbia."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, kanga imefungwa vibaya, akikata nyuma ya nyumba za watu hadi zahanati. Herménégilde alikuwa peke yake, anachemsha sindano zilezile tatu zilizobaki. Alikuwa mtu wa maneno mengi na utani mwingi, lakini miezi ile ilikuwa imemchimba chini ya macho.

"Placide ni mugonjwa," Célestine alisema, pumzi juu juu.

"Najua," akajibu muuguzi. "Minye mwenyewe niliandika."

"Hapana. Sasa ni mugonjwa kweli."

Herménégilde alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kirafiki. "Sikiliza, Célestine, muko munacheza vizuri, muji muzima unaamini. Juzi hata minye nilimuona njiani nikashituka. Lakini hapa tuko wawili. Usinichezee minye pia, nimechoka."

"Na minye nimechoka," akasema Célestine. "Dokta, amevua gunia. Amenyoa. Amevaa shati jeupe na tai, amekaa barazani anaangalia barabara."

"Basi mwambie avae gunia. Iko anatafuta kifo huyo?"

Maji ya sindano yaliendelea kuchemka. Célestine alimtazama tu, na polepole tabasamu likamwondoka Herménégilde usoni, likabaki jasho. Akavuta kiti akakaa.

"Tangu lini?" akauliza.

"Sijui. Sikuwa naangalia. Nilikuwa nafikiri anaigiza." Akaifunga kanga yake upya. "Nilimpongeza, dokta. Kila alipozidi nilimpongeza."

Herménégilde alisugua uso kwa mikono miwili. Alisema ukweli wake bila kuupamba: yeye anajua malaria, vidonda, minyoo na kuzalisha, ugonjwa wa moyo kuchoka kiasi cha kutaka kuacha kupiga hakuujua, na hakuna kidonge chake humu. Lakini ng'ambo ya mto Ruzizi, huko Usumbura nchini Burundi, kwenye nyumba moja ya wamisionari, yuko daktari mzee Mbelgiji anayetibu watu wa namna hiyo. Alimwona kwa macho yake alipokuwa anasomea uuguzi. Hamfungi mtu kamba wala hampigi. Anakaa naye, anamuuliza, anamsikiliza, anampa na dawa ya kulala. Tena inafaa kwenda leo, si kesho.

"Bariyeri ya Kavimvira," akasema Célestine. Kizuizi hicho cha mpakani kilikuwa mikononi mwa wapiganaji.

"Bariyeri iko. Njia nyingine hakuna."

Alichukua karatasi na kalamu. Akaandika, akasimama, akafuta, akatupa, akaanza upya. Mwishowe akaegemea nyuma akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye aibu, "Unajua kitu gani? Natafuta maneno mapya na siyapati. Ni yaleyale. Halali, hali, anasema yeye ni mzigo, hataki kuishi. Niliandika hivi mwezi wa tano kutoka kichwani. Sasa nayaandika tena, na ni kweli." Akapiga muhuri mmoja tu.

Célestine aliporudi, alimkuta Nyiramahoro amesimama katikati ya baraza anaimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, ametandaza kanga yake kwa mikono miwili mbele ya Placide kama anayeianika. Wapiganaji wawili walikuwa wamepita, wakamcheka, wakaenda zao. Koo lilikuwa limemkauka. Célestine alimshika mikono yote miwili, naye Nyiramahoro akamwambia asipoteze wakati.

Kumwondoa Placide pale kitini ilikuwa rahisi kuliko alivyoogopa, na urahisi ule ulimtisha zaidi. Alimwambia wanakwenda Usumbura kwa daktari, kupitia Kavimvira. Placide aliinua macho alipolisikia jina la Kavimvira, akasimama mara moja. Célestine alijua kwa nini. Alimbembeleza avae gunia hadi wapite tu, wakivuka atalitupa mtoni, alimpigia magoti. Placide alimwinua kwa upole akasema hapana.

Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Walitembea pembeni mwa barabara, yeye kashika mkono wa mdogo wake kama mtu anavyomshika mtoto siku ya kwanza ya shule, na watu waliowafahamu waliwapa kisogo wakaingia ndani. Shati jeupe lilionekana kutoka mbali. Kila sentensi iliyomjia ilikuwa ya kumwomba asimfanyie hivyo yeye, na hata akiwa amechoka vile aliona kwamba hiyo si ya kumwambia mgonjwa. Alibana mkono tu. Mkono wa Placide haukubana wake.

Bariyeri ilikuwa bomba la chuma juu ya mapipa mawili. Kiongozi wake aliitwa Libérat, kijana wa Katogota, zamani fundi wa baiskeli, na vidole vyake vilikuwa bado na weusi wa grisi chini ya kucha. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amevaa suruali ambayo Célestine aliitambua, aliishona yeye mwenyewe, imembana mapajani kwa kuwa hakupimwa.

"Mama wa cherehani," alisema. "Unakwenda wapi na huyu bwana mkubwa?" Kisha akamtazama vizuri, akarudi nyuma hatua moja kwa mazoea. "Huyu si yule kichaa wa Mulongwe?"

"Ndiye," akasema Célestine haraka. "Nampeleka kwa daktari. Karatasi hii hapa, imepigwa—"

"Mimi si kichaa," Placide akasema.

Hakupaza sauti. Alisimama wima, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima kama anayejibu mtihani. "Naitwa Placide. Ni mwanafunzi wa yunivesite ya Léopoldville, mwaka wa pili wa sheria. Jina langu lilikuwa kwenye orodha yenu ya mwezi wa tano. Nimejifanya kichaa miezi mitatu ili musinichukue. Sasa nimekuja mwenyewe."

Wapiganaji waliokuwa wamekaa kivulini walisimama. Mmoja akaokota bunduki yake chini. Célestine aliona midomo yao inasogea lakini hakusikia wanasema nini. Akatafuta uongo. Alikuwa mwepesi wa uongo, miezi mitatu alikuwa ameishi kwa huo, alikuwa nao wa kila saa na wa kila mtu. Akatafuta, akakuta kumekauka kabisa. Akakaa pale pale kwenye vumbi, miguu imenyoshwa mbele, na akaanza kulia kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amelia hata siku ya kumzika baba yao kwa sababu wageni walihitaji kupikiwa.

"Ni kweli," alisema. "Yote aliyosema ni kweli. Minye niliwadanganya. Minye nilikata gunia, niueni minye. Lakini huyu ni mugonjwa. Anataka mumuue. Amekuja hapa kwa sababu hiyo tu, hakuna sababu nyingine. Ndio ugonjwa wake wenyewe. Nampeleka kwa daktari, na njia ya daktari inapita kwenu, sasa nifanye nini?"

Libérat alimtazama Placide, akasogea karibu kuliko miiko yake ilivyomruhusu.

"Unataka nikuue?"

"Ndiyo."

"Mbaya gani weye ulinifanyia mpaka nikuue?"

"Hakuna. Nimechoka tu."

Libérat aligeuka akatazama barabara, kisha bonde, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alipoongea tena aliongea kwa sauti ya chini, wale wa kivulini wasisikie. "Minye niko kwenye bariyeri hii tangu mwezi wa tano. Batu bananipigia magoti hapa. Banalia, banataja batoto yabo, bananiambia banaitwa jina lingine. Wote banaomba kitu kimoja. Kuniomba hiki chako, hakuna aliyewahi." Akasugua macho yake mekundu. "Muntu mwenye akili yake hawezi kuomba hiki."

Akachukua karatasi ya Herménégilde, akaishika mbali na macho. Hakuwa amesoma Kifaransa, lakini muhuri aliutazama kwa makini, akairudisha.

"Huyo daktari," alisema, na sasa alikuwa anamuuliza Célestine, "anatibu na muntu ambaye halali? Halali tu. Akifunga macho anaona batu."

"Nasikia anatibu," akasema Célestine.

Libérat alitikisa kichwa taratibu, kama anayepewa bei ya kitu asichoweza kununua. Akainua bomba kwa mkono wake. "Ni kichaa," aliwapazia sauti wenzake. "Hamusikii anavyosema? Kichaa kabisa. Muache bapite." Na kwa Célestine, bila kumtazama: "Kimbieni. Minye sijui baada ya saa moja nitakuwa nawaza nini."

Walivuka. Upande wa pili walipata lori la mchanga, dereva akawapakia bila kuuliza. Placide alikaa kwenye mchanga na tai yake imekwenda kombo, na machozi yalimtiririka njia nzima bila uso wake kubadilika. Célestine hakumwambia apumzike. Alikaa amemshika kiuno kwa mikono miwili mpaka Usumbura, mikono ikafa ganzi.

Nyumba ya wamisionari ilikuwa na ua uliofagiwa na benchi ndefu. Daktari alikuwa mzee kweli, mwenye masikio makubwa na soksi zisizolingana. Aliisoma karatasi, akawaingiza mbele ya waliotangulia, akasema kitanda kipo na kwamba kijana hatalala peke yake usiku huo wala usiku unaofuata. Atakuwepo mtu chumbani. Haya yote yalitafsiriwa na Nduwimana, muuguzi wa hapo, kwa Kiswahili cha upande wa Burundi. Célestine aliposikia "kitanda kipo" alifikiri ataanguka kutoka kwenye kiti kwa usingizi. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Mdogo wake yu hai, amefika.

Kisha daktari akauliza jambo moja zaidi, na Nduwimana akaligeuza: "Anauliza ilianza lini."

"Mwezi wa sita," akasema Célestine. "Labda mwishoni mwa mwezi wa tano. Ni gunia. Minye nilimfanya avae, akavaa kupita kiasi, ikamwingia. Muandike ni minye."

"Hapana," akasema Placide.

Daktari alikuwa ameuliza kwa Kifaransa, na Placide alikijua vizuri kuliko mtu yeyote Uvira. Lakini alisema kwa Kiswahili, ameelekea upande wa dada yake, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa ya kumwambia yeye.

"Ilianza Léo. Mwezi wa kumi na moja, mwaka jana. Nilikuwa nafungua kitabu asubuhi, jioni niko ukurasa uleule. Nikaacha kwenda kula na wenzangu. Nilitafuta wa kumwambia. Padre akasema nisali, nikasali. Profesa akasema ni uchovu, nitapona likizoni. Daktari wa pale alinipima damu, akasema damu ni nzuri. Telegramu ya kifo cha baba ilipofika nilijisikia vibaya, yaya, kwa sababu nilifurahi. Nilijiambia, sasa nina sababu ya kwenda nyumbani, nitamwambia yaya Célestine, yeye atajua la kufanya. Nikakuta nyumba imejaa watu, weye unapika, unapokea wageni, hukukaa hata mara moja. Nikasema ningoje matanga yaishe. Yakaisha, na hawa wakaingia. Halafu usiku ule ukaja na mkasi na gunia, ukakaa kitandani kwangu, ukaniambia: Placide, kuanzia leo weye ni kichaa."

Alivuta pumzi.

"Nikafikiri umejua," alisema. "Nikafikiri umeona mwenyewe, na hii ndiyo njia yako ya kuniambia umeona. Nilifurahi sana usiku ule. Ni baadaye, nilipoona unacheka, ndipo nikajua kumbe hukuona."

Nduwimana alimtazama daktari, akamtazama Célestine, hakutafsiri. Nje mtu alikuwa anafagia.

Célestine alikuwa na jibu tayari. Midomo ilijitayarisha yenyewe. Angesema alijua. Angesema moyo wa dada haukosi kujua, na Placide angeitikia kwa adabu, na wote wawili wangelala usiku ule. Ulikuwa uongo mdogo kuliko wote aliowahi kuusema. Alitazama shingo ile ndani ya kola, na akaona hataweza hata huo mmoja.

"Sikujua," akasema. "Sikuona kitu. Nisamehe."

Placide alitikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama machoni.

Célestine akavuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana. "Anza tena," akasema. "Mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa wapi siku hiyo ya kwanza?"

Placide akamwambia alikuwa chumbani, mvua inanyesha, na alikuwa ameketi na kiatu kimoja mkononi tangu asubuhi. Daktari akafunga kalamu yake, akawaachia chumba.